Mwenye Kitambaa Hiki

…na kama kweli Mungu anamsikia hata sisimizi akitembea juu ya jiwe, kwa nini Patricie anampigia kelele namna hii, nusu saa nzima, sauti inagonga bati na kuturudia vichwani, "Baba, angalia hawa bamaman, angalia magoti yabo," magoti yangu mimi hayataki kuangaliwa, yanataka mkeka mwingine, huu umekwisha katikati na saruji inanila mfupa, tangu saa nne asubuhi tuko hapa kanisani, Jumatano ya mfungo, hakuna aliyeonja hata maji, wanawake wanne tumepiga magoti kuzunguka nguo za watu wetu waliotuponyoka, pale koti la mtoto wa Nyirabagenzi anayebeba abiria kwa pikipiki na kulala baa, pale mkanda wa mume wa Ingabire aliyekwenda kulima Bweyeye, akaoa tena hukohuko na kanisa akalisahau, na hapa mbele yangu, kimekunjwa mara nne, kitambaa cha kichwa cha Divine, mwanangu, mmoja tu, sikupewa mwingine, nilimzaa Bukavu kwa siku mbili za uchungu nikavuka naye daraja la Rusizi mgongoni, nikamfundisha Zaburi kabla hajajua kufunga kiatu, na leo anaitwa Mwamini, ndilo jina alilopewa siku aliposilimu, Mwamini, kumbe miaka ishirini na minne aliyoishi kwangu alikuwa haamini kitu, alikuwa anaimba tu, anapiga makofi tu, anakula ugali wangu na kuniangalia… nina hasira, na sioni aibu kusema, watu wanadhani mama anayeomba ana machozi tu, mimi nina hasira mpaka kwenye kucha, na leo hasira hiyo imepata kazi, kwa sababu maombi yanakwenda kwa zamu kutoka kushoto, Nyirabagenzi yuko katikati ya zamu yake, atafuata Ingabire, halafu mimi, na mlangoni asubuhi Patricie, ambaye ndiye kiongozi wetu, alinishika kiwiko akaniambia, "Maman Divine, miezi tatu tunaomba na upole. Leo utaomba weye mwenyewe, na kinywa yako, Mungu avunje ile nyumba. Bibi na bwana basisikilizane tena. Atarudi kwako na mimba yake, utaona. Neno ya mama haiangukake chini," nami nikasema ndiyo, nilisema ndiyo kabla hajamaliza, na bado nasema ndiyo, avunje, ni neno fupi, nimelitembeza mdomoni tangu asubuhi na halijaisha utamu, avunje ile nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko la Kamembe, avunje ule upendo wao wa kushikana mikono kama watoto wa shule, Latifu mumewe na cherehani yake, Latifu na heshima zake, shikamoo mama, karibu mama, keti mama, mtu hawezi hata kumchukia kwa raha, kila nikijiandaa kumtukana ananiletea kiti… "Yesu, umutoe mutoto yangu kwa pombe, umutoe, umutoe," huyo Nyirabagenzi, analia mpaka kamasi, na kila Jumapili asubuhi anampelekea yule kijana supu ya moto kitandani ya kumwondolea uchovu wa baa, halafu Jumatano anakuja kumsumbua Mungu, ningekuwa Mungu ningemjibu aanze na sufuria, lakini mimi sikumpelekea Divine supu, mimi nilifanya sawasawa, hakuna mtu kanisa hili anayeweza kusema Mwavita alilegea, siku aliponiambia nilikuwa uani natandaza sambaza juani, akasimama upande wa kivuli, mikono nyuma, akasema, "Maman, Latifu ameniomba, na miye nimekubali. Na nitaingia dini yabo. Hakuna muntu mwenye amenilazimisha," kwa sauti ileile ya kusema chumvi imekwisha, laiti angelia, laiti angepiga magoti, ningejua pa kumshika, mimi nikaendelea kutandaza samaki, mmoja mmoja, vidogo vile visivyozidi kidole, nikavipanga kama askari, sikumjibu mpaka alipoondoka, na hilo nalo wakalisifu hapa, Patricie alilisimulia mbele ya wote, mama aliyenyamaza kwa ajili ya imani, kumbe sikunyamaza kwa imani yoyote, nilinyamaza kwa sababu ningefungua mdomo ningemrushia beseni… na siku ya arusi nilikwenda Nkanka kununua samaki kama siku nyingine, nikavuka nao Bukavu, nikauza mpaka wa mwisho, nikawa nacheka na wateja, nilicheka sana siku ile, na niliporudi jioni Osée, mume wangu, alikuwa amekaa kizingitini na tai yake ya kwaya, ananuka pilau, kwa sababu yeye alikwenda, alimpeleka binti yake mkononi akala na watu wake, na wiki iliyofuata wazee watatu wa kanisa wakaja nyumbani wakamweka chini ya marudi, miezi sita, asiimbe, asishiriki meza ya Bwana, akae benchi la nyuma karibu na mlango, miaka kumi na tisa ameimba sauti ya nne, sauti ile iliyokuwa inatetemesha kioo cha dirisha, wakamwambia akae karibu na mlango, akakaa Jumapili moja, ya pili akavua tai akaitundika kwenye msumari, na mpaka leo Jumapili anakaa nyumbani anafungua redio za watu na kuzifunga, namwambia Osée, utakufa nje ya meza, ananiambia, "Mwavita, miye nilimupeleka mutoto yangu kwa bwana yake. Kama iyo iko zambi, nitaenda nayo vile," anafunga skrubu, haniangalii, "na weye, kila Jumatano, unamuombeaka ao unamufukuzaka?" mtu aliyeacha kusali atanifundisha kusali, kweli mbuzi amemfundisha mchungaji njia… wawili, basi, nyumba ya watu watatu wamenitoka wawili, mmoja kwa nikahi na mmoja kwa benchi, na anayebaki kupiga magoti ni mimi, anayefunga ni mimi, sijakosa Jumatano hata moja, mvua ikinyesha niko hapa, malaria ikinishika niko hapa, na wao wanashiba, Divine amenenepa mashavu, miezi saba sasa, tumbo liko mbele yake na anatembea amejishika kiuno, anang'aa, nilikuwa nangoja akonde, Mungu anisamehe, asinisamehe, nilikuwa nangoja akonde ili nijue kwamba huko alikokwenda hakuna uzima, na mtoto akang'aa.

Ndege inapita, ile ya Kigali, inashuka kiwanjani, bati linatetemeka na Patricie ananyamaza na kiganja hewani, kila Jumatano anaisubiri ipite, anasema hataki kushindana na mashine, ndege imepita, "Amina kwa Nyirabagenzi," amina, amina, "Maman Ingabire, njo weye," bado mmoja halafu mimi, mate yamenikauka, ni mfungo huo, si kingine, Ingabire anaanza polepole, huyu haombi kwa sauti, huyu ananung'unika kama mtu anayetafuta kitu kwenye mkoba, inabidi umsikilize, "…umurudishe, Baba, ao kama hatarudi, umuambie tu atume habari, batoto banaulizaka…" maskini, hata ombi lake ni la kuomba radhi, mimi langu lilikuwa na meno tangu mwanzo, langu Patricie aliliandika kwenye daftari lake ili wengine wajifunze, nalikumbuka neno kwa neno kwa sababu nililitunga mwenyewe, siku ileile nilipoleta kitambaa, alikuwa ametuambia, "Kila muntu alete kitu yenye iligusa mutu wake. Weye, Maman Divine, leta ya kichwa, kichwa njo iliasi," nami sikuwa na nguo hata moja ya Divine nyumbani, zote nilizifunga gunia moja nikazigawa, kwa hasira, gauni la ubatizo nalo nikaligawa, kwa hiyo nikaenda kwake mara ya kwanza tangu aolewe, na beseni la sambaza kichwani kana kwamba nimepita tu, na pale uani kwenye kamba kilikuwa kinapepea kitambaa cha zambarau chenye maua ya njano, nilishakiona kichwani mwake sokoni, nikakijua, hakukuwa na mtu, mkono ukaenda wenyewe, nikakisukuma chini ya samaki, mimi, shemasi, ninayekusanya sadaka, nimeiba nguo kwenye kamba ya watu, halafu Divine akatoka akaniona akashika mdomo, akanipikia chai ya maziwa, nikainywa beseni likiwa katikati ya miguu yangu, akaniuliza unaendeleaje, Maman, nikasema vizuri, akaniuliza papa, nikasema yuko, na muda wote ule nilikuwa nahesabu hatua za kutoka getini… na Jumatano yake nikakiweka hapa katikati, kinanuka samaki, Patricie akakipaka mafuta, nikafungua kinywa nikasema, mwenye kitambaa hiki asipate usingizi, Baba, akilala aamke, atembee ndani ya nyumba kama mtu aliyepoteza kitu, mpaka akumbuke alichopoteza, na wanawake wakaitikia mpaka Ingabire akatoa sauti, nikarudi nyumbani nimesimama wima, kwa mara ya kwanza tangu arusi nililala vizuri, na Jumatano iliyofuata nikaongeza, na iliyofuata, miezi mitatu, asipate usingizi, asitulie, chakula kisimkae, hapana, hilo la chakula sikulisema, nilitaka kulisema nikakumbuka mimba, hata hasira yangu ina mpaka, au nilidhani ina mpaka, maana leo nimekubali kuvunja nyumba yenye mwanamke wa miezi saba ndani, ikivunjika atakanyaga wapi… usianze, Mwavita, usianze kulegea na zamu imekaribia, shika kitambaa, Patricie anataka mtu akishike kwa mikono miwili akiomba maombi mazito, kikunjue, kimekuwa kigumu kwa mafuta, kinanuka mafuta ya zeituni na samaki, maua haya ya njano, pindo hili… ni nini hiki. Uzi. Uzi wa kijani, mishono mitatu kwenye pembe, ndani, mahali ambapo mtu asiyetafuta haoni, kijani, hapana, labda ni njano imechakaa, geuza kwenye mwanga, ni kijani, kijani kama jani la muhogo, mitatu, imebanwa vizuri na mkono wa fundi, na mimi nimekaa na Divine Jumamosi hii iliyopita, siku nne tu, nilipita sokoni kwenye baraza la Latifu, nilijiambia nakwenda kuona tu kama amekonda, alikuwa kwenye kiti kifupi na sindano, anapinda vitambaa vya mtoto, kila kimoja anakitia mishono mitatu ya uzi mwekundu, nikauliza hiyo ya nini kwa sababu ilinibidi niulize kitu, akasema, "Ni alama, Maman. Kwa ile kamba tuko nyumba tatu tunaanikaka. Yangu iko njano, ya mama ya Latifu iko kijani, ya mutoto itakuwa nyekundu. Siku ya Idi Latifu anakataka kitambaa moja, anatuvalisha bote sawasawa, bila alama huwezi jua ya nani ni ya nani," na mimi niliposikia neno Idi masikio yakajifunga, nikaangalia barabarani, sikutaka kujua wanavaa nini wala wanavaa na nani… kijani ni ya mama ya Latifu. Hiki si cha Divine. Hakijawahi kugusa kichwa cha Divine. Miezi mitatu, Jumatano kumi na mbili, mafuta, machozi, funga za kunyauka midomo, tumekuwa tunamwombea mama Twahiru, anaitwa kwa mwanawe wa kwanza, mama mkwe wa mwanangu, kizee wa miaka sabini na ushei asiyejua hata rangi ya mlango wa kanisa hili, sikia, nataka kucheka, kicheko kiko hapa kooni, nikikiachia Patricie atasema ni pepo, atanipaka mafuta na mimi.

Na halafu kicheko kinaondoka chenyewe, kwa sababu mama Twahiru alikuwepo. Jumamosi. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya cherehani, mchana kweupe, kichwa kimeangukia kifuani, mdomo wazi, nikamnong'oneza Divine, amefanya nini huyu, naye akanijibu kwa kunong'ona, "Halalake, Maman. Miezi tatu sasa. Tulimupeleka kwa munganga, hakuona kitu. Usiku anatembeaka mu nyumba sawa muntu mwenye alipoteza kitu," hivyo, hivyohivyo, maneno yangu, yaliyoandikwa kwenye daftari la Patricie, yalitoka kwenye mdomo wa mwanangu na mimi nikayasikia kama habari ya mvua, nikasema wazee ndivyo walivyo, nikaongeza na kusema apunguze chai… kama mtu aliyepoteza kitu, kwani hakupoteza, alipoteza kitambaa, niliiba mimi, Divine alisema hilo pia, anakitafuta, anasema ni upepo… wazee hawalali, najua, mama yangu naye hakuwa analala, usingizi wa mzee ni wa kuku, labda ni bahati tu, labda si mimi, lakini miezi mitatu, lakini maneno yaleyale, nani ataniambia si mimi, nami nimekuja hapa kila wiki nikiamini kwamba maneno yangu yanafika, siwezi leo kusema hayafiki kwa sababu yamefika pabaya… halafu yeye, Mungu, yeye anayejua idadi ya nywele za kila kichwa, alijua hiki ni cha nani, alijua tangu Jumatano ya kwanza, hakuweza kunikwaza kizingitini, hakuweza kumwotesha Patricie hata ndoto moja, ndoto anaota kila wiki, anamwotesha Patricie habari za mtu aliyepoteza funguo Gihundwe na hawezi kumwambia kwamba kitambaa si chenyewe, aliacha, alitutazama wanawake wanne wazima tukimnyima usingizi bibi wa watu na akakaa kimya, nimekasirika, nilidhani nilikuwa nimekasirika asubuhi, asubuhi nilikuwa nacheza… au alikipokea kama tulivyokileta. Mwenye kitambaa hiki. Sikutaja jina, sikumwita Divine hata siku moja, nilisema mwenye kitambaa hiki kwa sababu jina lake la zamani lilinichoma na jipya lisingenipita kooni, basi akaenda kwa mwenye kitambaa. Na kama ningeiba kile chenye uzi wa njano. Subiri. Kama mkono ungeenda hatua moja kulia kwenye kamba ileile, angekuwa Divine sasa anayetembea, na tumbo lile, miguu imevimba, anazunguka vyumba viwili amejishika kiuno, anatafuta kitu asichokijua, na mimi nimelala nyumbani kwangu usingizi wa mwenye haki… nilitaka hilo. Niseme kama lilivyo, nilitaka hilo, nililiomba mara kumi na mbili kwa jina la Yesu, sikukosa Jumatano hata moja, uaminifu ninao, uaminifu hauna shida, ila nilikwenda mbele za Mungu na jiwe mkononi nikaliita sala kwa sababu macho nilikuwa nimeyafumba.

"…na batoto, Baba, ubalinde kwenye njia ya masomo…" bado Ingabire, aendelee, aendelee hata saa nzima, asifike mwisho, kwa sababu kuna jingine la Jumamosi, nililisukuma nikalikalia siku nne na sasa limenyanyuka, mama Twahiru aliamka, alifungua jicho moja akaniona akajitengeneza ushungi kwa haraka, akasema, "Bamwana, karibu," bamwana, ndivyo wanavyoitana huku wazazi ambao watoto wao wameoana, yeye ananiita hivyo tangu mwanzo na mimi sijawahi kumwitikia kwa jina hilo, nasema tu ndiyo, akasema, "Usinione nasinzia muchana, bamwana, usingizi inanikimbiaka usiku. Lakini haiko hasara. Nikiona haikuji nashikaka tasbihi, namuombea huyu mutoto yetu azae salama, yeye na mwenye iko mu tumbo. Saa zenye Mungu amenipatia niko nazitumia," na mimi, mwanamke wa maombi, nilisikia neno moja tu, yetu, mtoto yetu, likanipanda kichwani, yenu tangu lini, nikaaga nikaondoka bila kumaliza chai, nimetembea mpaka stendi nikilitafuna lile yetu… kila usiku. Miezi mitatu. Kila saa niliyomnyima alimpa mwanangu. Na mimi, nani aliyemwombea Divine katika miezi hiyo, aliyemwombea mema, azae, apone, mtoto alie, hakuna, baba yake ameacha kusali, mama yake alikuwa hapa anaomba asipate usingizi, aliyesimama katikati ni kizee mmoja mwenye tasbihi aliyefukuziwa usingizi na mimi, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nimeusema msemo huo mara ngapi nikiwaangalia watu usoni, nimeusema hata kwenye mimbari, na aliyekesha si mzazi. Hiyo ndiyo inayoniua sasa, wala siwezi kusema nimefurahi, sikufurahi, naona wivu, naona aibu na wivu, nataka kumpokonya zile saa nizikeshe mimi, ni zangu zile, ni mimi niliyetakiwa kukaa kitandani nikitaja jina lake mpaka kuku wawike… jina lake lipi. Lolote. Lile analoitikia. Na bado namtaka arudi, nisidanganye hapa juu ya magoti, namtaka benchi la tatu upande wa dirisha, namtaka na Osée na tai yake, sitaacha kuliomba hilo mpaka waniweke udongoni, lakini si hivi, si kwa kuvunja, nyumba ile ikivunjika itamwangukia nani kama si yeye, na yule aliye tumboni, na kizee kwenye kiti cha plastiki… nitakirudisha. Leo, nikitoka hapa, na njaa yangu. Nitakifua kwanza, hapana, nikikifua nitakwenda kesho na kesho nitakuwa nimepata uongo wa kusema, nitakipeleka hivihivi na mafuta yake, nitasema bamwana, si upepo, ni mimi. Atanifukuza au atanipa kiti. Akinipa kiti ndipo nitakapokufa kweli.

"Amina kwa Ingabire," amina, amina, na kiganja cha Patricie kimetua begani kwangu, kizito, chenye joto, ananisogelea sikioni, "Maman Divine. Saa yako njo hii. Usiogope, sema nguvu," na Nyirabagenzi anasogea kunishikilia upande huu, na Ingabire upande ule, ili nisianguke nikilitaja lile neno, magoti yananiuma palepale, saruji ni ileile, koti liko pale na mkanda uko pale, na Patricie tayari ameanza kunitangulia, "Avunje, Baba, avunje," ananisukuma kama wanavyomsukuma mzazi, na mdomo wangu umefunguka, nina hasira bado, ajue huyo niliye mbele zake, nina hasira naye na sijamaliza naye, ya Divine tutayaongea yeye na mimi, kwa muda mrefu, kwa majina yote mawili, lakini kwanza hili lililo mkononi mwangu, "Baba," nimesema, na sauti si ile ya meno, ni nyingine, ndogo, sijui ilikuwa wapi, "kuko mumama moja hapa Kamembe, anaitwa mama ya Twahiru, halalake. Tulimukosea. Miye njo nilimukosea. Umupatie usingizi. Leo, Baba, si kesho," na kiganja begani kimekuwa kigumu, kimeinuka kidogo kama kilichoungua, nimengoja waitikie, nimewasikia wote watatu wakipumua, basi amina nimeisema mwenyewe.